Saa Nne Ipi?

Ukitaka kujua hali ya saa ya mitumba, wachana kwanza na kioo na mkanda. Angalia tarehe. Mishale inaweza kutembea vizuri kabisa huku jino moja la kalenda limevunjika ndani, na hutajua hadi upitishe namba zote, 1 mpaka 31.

Baba ndiye alinionyesha hayo kwenye Seiko 5 yake. Haina betri, inajijaza mkono ukitembea. Seiko walianza kutoa hizi 5 mwaka 1963, na siku na tarehe hukaa kwenye dirisha moja. Sheria ya Baba: kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri usisogeze tarehe kwa kifundo. Masaa hayo gia imeshaanza kuisukuma yenyewe. Ukilazimisha, jino linakatika.

Januari aliivua mkononi akanituma nikaiuze Kericho. Dada yangu alikuwa anangojewa shule ya bweni. Mimi chuo niliacha kwa sababu ya karo hiyo hiyo, na pesa ya makala yangu ya mwisho ilikuwa bado haijaingia.

Fundi aliitazama. Ilikuwa tarehe 14, saa nne asubuhi. Dirisha lilisoma 13.

“Kijana, kalenda imekufa hii. Elfu moja mia tano.”

Nilitaka elfu nne. Akavuta kifundo kidogo ili aisogeze tarehe.

“Ngoja mzee! Usizungushe.”

Mishale ilionyesha 10, sawa. Lakini ni saa nne ipi? Kama tarehe iko nyuma, basi ndani ya saa bado ni usiku wa jana, na gia imeshika.

Nikampigia Baba. “Hiyo hubadilisha tarehe saa sita mchana,” akasema, kama vile kila saa hufanya hivyo. Miaka yote ya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha majani chai huko Konoin, ndiye aliyejaza kitabu cha zamu. Zamu ikianza Jumatatu jioni, huandikwa Jumatatu mpaka watu waende nyumbani. Tarehe ilikuwa inamgeukia katikati ya kazi, kwa hivyo akaisogeza saa masaa kumi na mbili. Alistaafu, akaiacha hivyo hivyo.

“Sasa nifanyeje?”

“Irudishe. Huyo anayenunua hafanyi kazi usiku.”

Nilikaa na simu sikioni kidogo, hata baada ya yeye kukata.

Kisha nikavuta kifundo hadi mwisho, nikazungusha mishale mbele polepole. Ilipovuka 12, 13 ikateleza, 14 ikaingia. Nikaendelea mpaka 10 tena. Sasa fundi akaipitisha tarehe hadi 31, haikukwama popote, akairudisha kwenye 14.

“Elfu tatu mia tano.”

Ikaingia kwa M-Pesa. Nikamtumia Mama yote, nikabaki na nauli ya kurudi Mogogosiek.