Kazi Niitamaniyo

Kila ufikapo wakati wa kujaza fomu za masomo ya mbele, sisi wa Kidato cha Nne huulizwa swali lile lile: "Utakuwa nani?" Wenzangu wengi wana majibu tayari, huyu daktari, yule mwalimu, yule mwanasheria. Mimi nilijibu kwamba nataka kuwa mhandisi mtafiti wa eropleni. Bweni zima likacheka. Mmoja akasema, "Wewe uliyeikimbia Fizikia?" Kwa kuwa alisema kweli, sikuwa na la kumjibu. Jibu langu naliandika hapa.

Ni kweli niliikimbia. Katika mtihani wa Kidato cha Pili nilipata alama mbaya sana, na Kidato cha Tatu kilipoanza nikaliacha somo hilo, nikawaambia watu kwamba silipendi. Huo ulikuwa uongo. Nililipenda, ila niliogopa kushindwa mara ya pili mbele ya watu.

Siku moja mwalimu wetu wa Hesabu alitusimulia habari za Mary Jackson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1921 katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia. Alipata shahada ya Hesabu na Sayansi mwaka 1942, akafundisha shule, na mwaka 1951 akaajiriwa katika maabara ya Langley, mahali pa kuchunguza mambo ya eropleni. Hakuajiriwa kuwa mhandisi. Alikuwa mmoja wa wanawake waliowapigia wahandisi hesabu zao, na kwa ubaguzi wa siku zile wanawake weusi walitengwa katika ofisi yao peke yao.

Mwaka 1953 alihamia kwa mhandisi Kazimierz Czarnecki, aliyefanya kazi katika handaki la upepo. Handaki hilo si la kupita magari. Badala ya eropleni kukimbia katika hewa, mfano wake mdogo hufungwa imara, na hewa ndiyo hukimbizwa. Ndipo wahandisi hupima jinsi hewa inavyousukuma mfano ule, inavyouvuta, na inavyoupasha moto. Handaki lile lilikuwa la futi 4 kwa futi 4, mashine zake zilikuwa na nguvu za farasi 60,000, na upepo wake ulikaribia mara mbili ya mwendo wa sauti.

Czarnecki alimshauri awe mhandisi. Lakini masomo ya Hesabu na Fizikia yaliyotakiwa yalifundishwa jioni katika shule ya sekondari ya wazungu tu. Basi ikambidi aiombe serikali ya mji ruhusa maalum ya kuingia darasani. Akaomba, akapewa, akasoma, na mwaka 1958 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhandisi wa NASA. Mwaka huo huo alitoa taarifa pamoja na Czarnecki juu ya pia zenye ncha kali: ni wapi tabaka jembamba la hewa linaloambaa juu ya ngozi yake huacha kutiririka kwa utulivu na kuanza kuvurugika. Jambo hili laonekana dogo, lakini hewa ikivurugika, msuguano huzidi na joto huzidi.

Hapo moyo wangu ulinichoma. Yeye alizuiwa na sheria, akaomba. Mimi sikuzuiwa na mtu, nilijizuia mwenyewe.

Nusu ya mwaka ilikuwa imekwisha nilipobisha hodi kwa Mkuu wa Shule kuomba kurudi katika Fizikia. Aliniambia, "Umechelewa, binti. Utarudi kwa sharti: ukishindwa jaribio la mwisho wa muhula, unatoka." Siku ya wazazi nilimweleza mama, ambaye ni mshonaji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hiyo Fizikia siijui. Ila najua nguo iliyoshonwa upande mmoja haivaliki. Kaimalize."

Nikakaa benchi la nyuma, nikanakili madaftari ya wenzangu usiku hadi taa zilipozimwa. Katika jaribio nilipata alama 38. Si alama ya kujivunia, lakini sikutolewa. Katika mtihani wa majaribio wa mwaka huu nimepata 57.

Nimejifunza pia kwamba kazi hii si ya kupaa mawinguni. Mhandisi mtafiti hupima, hukosea, hupima tena, kisha huandika taarifa ili mwingine aikague. Mary Jackson alifanya hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1979 alikubali kushuka cheo, akaacha uhandisi, apate kuwasaidia wanawake wengine kuajiriwa na kupandishwa vyeo. Alistaafu mwaka 1985 na kufariki mwaka 2005. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba jengo la makao makuu ya NASA mjini Washington litaitwa kwa jina lake.

Lakini linalonipendeza zaidi ni kwamba katika miaka ya 1970 aliwasaidia vijana wa mji wake kujitengenezea handaki la upepo. Nikajiuliza: sisi tunashindwa nini? Boksi refu, feni moja, uzi na moshi wa ubani vyatosha kuanzia. Mwalimu wa Fizikia ametuazima feni, na kila Jumamosi alasiri twakutana katika maabara. Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, njoni, hasa ninyi mliopata alama mbaya.

Mtihani wa Taifa u karibu, nami sijui utanijibu nini. Nikipasua, nitashukuru. Nikianguka, yule aliyeniuliza bwenini hatakuwa na haki ya kusema kwamba nilikimbia. Mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake, nami kufa kwa namna hiyo nimekwisha kufa mara moja, yatosha.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV