Nani Aliyasema Maneno Haya? Mwanahabari Mwanafunzi na Alama za Nukuu

Tahakiki ya fasihi aghalabu huanza pale ambapo matini imekwisha kupigwa chapa. Mhakiki hupokea kitabu au gazeti, huchambua fani na maudhui, hubainisha nafasi ya msimulizi, kisha hutoa uamuzi wake. Ni nadra kwake kuuliza matini hiyo ilipita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia, na ni nadra zaidi kuuliza iwapo watu waliotajwa ndani yake walipata kuisikia ikisomwa. Swali hili laweza kuonekana dogo likielekezwa kwa riwaya, kwa kuwa wahusika wa riwaya hawana deni dukani wala mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo. Likielekezwa kwa habari ya gazetini, halikwepeki.

Majuma sita ya mwisho ya mwanafunzi mmoja wa uanahabari katika Chuo Kikuu cha Maseno, mwaka 2022, yanatosha kulidhihirisha swali lenyewe. Jina lake halitajwi hapa, wala jina la ufuo alioandika habari zake. Sababu ya kutotajwa kwa ufuo ndiyo kiini cha makala haya. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliorudishwa makwao Machi 2020, vyuo vyote vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya korona, na ambao waliporejea walilazimika kusoma kwa haraka ili kufidia muda uliopotea. Sasa masomo yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni ile karatasi moja ambayo kila mwanafunzi anayehitimu huzunguka nayo kutoka ofisi hadi ofisi, maktaba, bweni, michezo na uhasibu, ili kila afisa agonge muhuri wa kuthibitisha kwamba hadaiwi chochote. Maktaba hawakumdai. Uhasibu walimdai salio la karo, na bila muhuri wao jina lake lisingeingia katika orodha ya mahafali.

Katika hali hiyo ndipo mhariri wa gazeti moja la Nairobi alipompa ahadi. Aandike makala ndefu kuhusu wanawake wanaouza samaki katika fuo za Ziwa Viktoria. Ikipendeza, italipiwa, na yeye mwenyewe atafikiriwa kupewa kazi. Kwa mwanafunzi mwenye deni, ahadi kama hiyo ilikuwa karo, na ilikuwa mlango. Mhariri alitaja na mada yenyewe kwa Kiingereza, kwa maneno matatu ambayo tafsiri yake ni "ngono kwa samaki".

Mada hiyo haikuwa ngeni. Kwa miaka mingi imeelezwa na watafiti wa afya na waandishi wa habari kwamba katika fuo kadhaa za ziwa hili mwanamke anayetaka samaki wa kuuza hulazimika kuwa na uhusiano wa kimwili na mvuvi ili asikose fungu lake chombo kinapotia nanga. Mwaka 2011, huko Nduru katika eneo la Nyakach, wanawake waliunda kikundi cha kupinga desturi hiyo na wakasaidiwa kupata mashua zao wenyewe. Habari zao zilifika mbali, hata Marekani. Kisha ziwa likafurika; Mei 2020 maji yalifikia kiwango kilichoivunja rekodi ya mwaka 1964, na makazi ya Nduru yakawa miongoni mwa yaliyomezwa. Mhariri wa Nairobi alitaka kisa cha namna hiyo, na pamoja nacho jina la ufuo na picha ya mwanamke mmoja.

Mwanafunzi alikwenda katika ufuo wa upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, ambako shangazi yake alikuwa na jamaa. Alikaa siku nne. Aliwaona wanawake wakingoja alfajiri mashua za omena, dagaa wale wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na ambao hupungua mbalamwezi inapokuwa kali. Aliwaona wakianika omena juu ya nyavu kuukuu na kuwapima kwa gorogoro. Alizungumza kwa kirefu na mmoja wao, mjane wa makamo, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita nyathina, yaani mwanangu. Mazungumzo yao yote yalikuwa kwa Dholuo, isipokuwa yalipofika kwenye hesabu na bei, ambapo Kiswahili kiliingia chenyewe kama kinavyoingia sokoni Kibuye. Kabla ya kuondoka, mama yule aliomba jambo moja: jina la ufuo lisiandikwe, kwa kuwa mabinti zake wawili walikuwa shuleni karibu na hapo. Mwanafunzi alikubali.

Makala aliyoiandika bwenini usiku tatu mfululizo ilikuwa ya Kiingereza, na kwa vigezo vya darasani ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mwanzo wa kuvutia, takwimu chache, kauli ya afisa wa afya, na katikati yake sentensi ya mama yule ndani ya alama za nukuu: hakuwa na chaguo lingine. Mhariri aliisifu sentensi hiyo kuliko zote. Alisema ndiyo itakayokuwa kichwa cha habari.

Hapa ndipo swali la kihakiki linapojitokeza. Sarufi hutenga usemi halisi na usemi wa taarifa. Katika usemi wa taarifa, mwandishi anakiri kwamba maneno ni yake na kwamba anachohamisha ni maana. Katika usemi halisi, alama za nukuu ni kiapo: maneno haya yalitoka kinywani mwa mtu huyu kama yalivyo. Lakini mama wa Winam hakupata kusema sentensi ya Kiingereza katika maisha yake. Kila gazeti linaloandika habari za watu wa ziwani kwa lugha isiyo yao limejaa viapo vya namna hiyo, na msomaji amezoea kuvipokea bila kuuliza. Mfasiri wa riwaya hutajwa jina kwenye jalada. Miaha ya Grace Ogot, iliyotoka kwa Dholuo mwaka 1983, ilipohamishiwa Kiingereza mwaka 1989 ilikuwa na mfasiri, Okoth Okombo, na yeyote anayetaka kuilinganisha tafsiri na asili anaweza kuzifungua zote mbili. Mfasiri wa habari hana jina, na asili ya maneno aliyoyafasiri hubaki ndani ya daftari, kisha daftari hutupwa.

Haikuwa hivyo daima katika sehemu hizi. Katika miaka ya 1940 Achieng Oneko, mwana wa Uyoma aliyesoma Shule ya Maseno, alihariri gazeti la Ramogi kwa Dholuo. Mkulima au mvuvi aliyenukuliwa katika gazeti la lugha yake angeweza kusomewa jioni na mwanawe na kusema kama yalikuwa maneno yake au la. Si kwamba magazeti ya lugha za nyumbani hayawezi kusema uongo. Ni kwamba mwenye kusemewa huwa karibu nao kiasi cha kuweza kubisha.

Mwanafunzi alirudi ufuoni jumamosi iliyofuata, ijapokuwa nauli ilikuwa ya kukopa na ofisi ya uhasibu ilikuwa imempa siku tisa. Haikuwa desturi ya kazi, wala hakuna mwalimu aliyemwagiza. Alikaa kando ya nyavu za omena akaisoma makala nzima, akiifasiri kwa Dholuo sentensi baada ya sentensi. Mama alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kuchagua taka miongoni mwa samaki. Ilipofika ile sentensi iliyosifiwa, mikono ilisimama.

"Mimi nimesema hivi?" aliuliza.

Daftari lilifunguliwa. Alichokuwa amesema ni kwamba mashua haikuwa yake.

Tofauti ya kauli hizo mbili si ya msamiati. "Sina chaguo" ni kilio. Humwonyesha msemaji akiwa peke yake na masaibu yake, na kumwalika msomaji amhurumie. "Mashua si yangu" ni maelezo ya uchumi. Yanamtaja mwenye mashua, ambaye mara nyingi haendi majini kabisa. Yanawataja wavuvi wanaogawana mapato naye na ambao ndio huamua, chombo kinapofika, ni nani wa kuuziwa. Yanataja petroli na nyavu, ambazo mwanamke huweza kuzilipia mapema ili ajihakikishie fungu lake, na hivyo kumkopesha mtu ambaye kesho atamchagulia masharti. Yanaitaja pia ile miezi, kuanzia Aprili, ambapo uvuvi wa omena hupigwa marufuku kila mwaka ili wazaliane, na madeni yakazidi. Mama alikuwa ametoa uchambuzi. Makala ilikuwa imempokonya na kumpa machozi badala yake.

Alilisahihisha neno la pili pia. Katika fuo hizo desturi inayozungumziwa huitwa jaboya. Kiambishi ja- katika Dholuo hujenga jina la mtu, kama katika japuonj, mwalimu, na jalupo, mvuvi, sawa na m- ya Kiswahili katika mvuvi na mchuuzi. Neno lenyewe basi humtaja mtu aliye ndani ya uhusiano, mwenye sura na jina, anayeweza kuwa mkarimu au mkatili, anayeweza kuachwa. Maneno matatu ya mhariri yanamfuta mtu huyo na kubakiza bidhaa mbili zinazobadilishanwa. Tena aibu yote humwangukia mwanamke, kwa kuwa ndiye pekee anayeonekana kwenye picha. "Ukiandika, andika jaboya," alisema mama. "Wasioelewa wataulizia."

Yafaa kuongeza kwamba Kiswahili hakikosi uwezo wa kubeba mambo haya. Viwanda vya kusindika mbuta kwa ajili ya soko la ng'ambo viliposhamiri Kisumu katika miaka ya 1980 na 1990, minofu ilipelekwa Ulaya na mifupa ikaachiwa wenyeji. Wanawake wa Obunga waliikaanga na kuiuza, na mabaki hayo yakapata jina la Kiswahili, mgongo wazi. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kulibuni. Katika maneno mawili limo umbo la samaki yule, na yeyote anayejua minofu ilikwenda wapi ataona limo pia fungu la mnunuzi. Lugha iliyozaa neno hilo ingeweza kuyapokea maelezo ya mama yule bila kuyageuza kuwa kilio.

Mwanafunzi aliiandika makala upya. Sentensi iliyosifiwa iliondoka. Mahali pake palikaa mashua. Jaboya lilibaki jaboya, likifuatiwa na maelezo ya sentensi tatu. Ufuo haukutajwa na picha haikupelekwa. Mhariri alijibu kwa adabu kwamba makala imekuwa nzito, kwamba msomaji wa kawaida hatakuwa na subira na hesabu za petroli, na kwamba bila mahali na bila sura hakuna habari. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa. Gazeti hutaka uthibitisho, na habari isiyo na mahali yaweza kuwa imebuniwa na mtu aliyeketi bwenini. Mhariri hakuwa na njia ya kujua kwamba daftari lipo. Lakini hakuomba kuliona. Alichoomba ni uso.

Makala haikununuliwa, na kazi haikutolewa. Salio la karo lililipwa na mjomba aliyeuza ndama, na muhuri wa mwisho uligongwa siku mbili kabla ya orodha kufungwa. Makala yenyewe, kwa Kiswahili safari hii, ilitoka katika jarida la wanafunzi lililotolewa nakala kwa mashine na kusambazwa mabwenini, wiki ambayo wengi wa wasomaji wake walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Nakala moja ilipelekwa ufuoni na dereva wa matatu ikiwa ndani ya bahasha. Mama hakumpelekea neno lolote. Binti yake mkubwa alituma ujumbe mfupi kwa simu kwamba aliisoma kwa sauti mara mbili, na kwamba bei ya gorogoro iliyoandikwa ilikuwa ya mwezi uliopita.

Masahihisho hayo ya bei yana thamani ambayo alama za darasani hazina. Kwa miaka minne mwanafunzi huandika kwa msomaji mmoja, mwalimu, ambaye hajui bei ya gorogoro na hawezi kubisha. Mahafali humwondolea msomaji huyo na kumkabidhi mhariri, naye pia hawezi kubisha, kwa kuwa hakuwapo. Yupo msomaji wa tatu, aliye kando ya nyavu, na kumfikia hugharimu nauli, siku, na pengine kazi. Nadharia za upokezi zimeandika mengi kuhusu msomaji anayekusudiwa na msomaji anayedokezwa na matini. Hazijamshughulikia vya kutosha msomaji ambaye ndiye aliyeyasema maneno, na ambaye peke yake ndiye anayeweza kusema kwamba hakuyasema.