Siku Ishirini na Mbili

Nilizaliwa Panda, Likasi ikiitwa bado Jadotville. Baba yangu, aliyeitumikia Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya madini huko Kongo, tangu ujana wake, alipokuwa na neno na msimamizi wake hakuwa na pa kulipeleka ila kwa mkuu wa kambi, ambaye ndiye aliyeandika kosa, ndiye aliyehukumu, na ndiye aliyekata ujira. Nao wazee waliotusimulia mgomo wa Desemba 1941, uliowatoa watu kazini Panda na Jadotville ukaishia kwa risasi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikuwa wakisimulia habari za watu waliokosa mahakama.

Mimi nilijaaliwa zama nyingine. Wenzangu waliponichagua delege wa sendika, yaani mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, sheria ilikuwa imekwisha kutuwekea mlango wa kwanza, nao ni mkaguzi wa kazi: dai la mtu mmoja haliingii mahakamani kabla halijapita kwake kutafutiwa sulhu, na sulhu ikishindikana huandikwa hati ya kutopatana. Kisha zikaja sheria mbili za tarehe 16 Oktoba 2002, moja ikiwa kanuni mpya ya kazi, ya pili ikiamuru ziundwe mahakama za kazi ambamo hakimu atakaa pamoja na waamuzi wawili, mmoja wa upande wa waajiri na mmoja wa upande wetu. Tulifurahi, wala hatukufurahi bure; ila mwaka uliofuata wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya dola iliyoirithi Union Minière, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na baada yao, taratibu, wakaja vibarua wa makandarasi.

Hapo ndipo nilipoisoma kwa makini ibara ya 40 ya kanuni ile, isemayo kwamba kibarua aliyekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake huhesabiwa kuwa usio na ukomo. Maneno ni mazuri, lakini mwenye kushika daftari la mahudhurio ni mwajiri, na mkandarasi mmoja wa kupakia madini alikuwa na vibarua ambao, ajabu ya Mungu, hesabu yao haikupata kuvuka 21. Nikawafundisha kuandika kila mtu siku zake, na nambari ya lori alilolipakia, na jina la mwenziwe wa zamu. Na mahakamani vijidaftari hivyo, vilivyoandikwa kwa mikono mbalimbali na kukubaliana, vikalishinda daftari la kampuni. Hukumu ikatoka kwa insafu. Lakini mjumbe wa mahakama alipokwenda kuitekeleza, alikuta ofisi tupu na magari yamekwisha kuhamia Kolwezi.

Kwa hiyo wanaoniuliza juu ya marekebisho ya mahakama za kazi huwajibu kwamba nusu yake iko nje ya chumba cha hakimu: mkaguzi awe na gari na mafuta, asifike mgodini kwa usafiri wa anayemkagua, kibarua apewe kila juma nakala ya siku zake, na mwenye mgodi, aliyefaidika na jasho, ashikwe pale mkandarasi anapotoweka. Kiti cha mwamuzi wetu ni heshima kubwa, lakini kibarua hali heshima, hula ujira wake. Na dai la ujira, kwa sheria yetu, hufa likipitiwa na mwaka mmoja.