Antena nne, nguvu ileile

Siku nyingi sijaandika, kazi za ofisini zimenibana mno. Leo tuzungumzie neno ambalo mtalikuta kwenye boksi za ruta pale Luthuli Avenue: bimufomingi. Muuzaji akiulizwa maana yake husema tu, "Hii ina antena nne, ina nguvu sana." Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezwa.

Nguvu haijaongezeka. Sheria huweka kikomo cha nguvu ambayo ruta inaruhusiwa kutoa, na yenye antena nne huigawa nguvu hiyohiyo mara nne. Kinachobadilika ni wakati. Mmewahi kusukuma matatu iliyokwama kwenye tope? Kila mtu akisukuma anapojisikia, gari halitoki. Mmoja akiita "harambee!" na wote wakasukuma kwa pamoja, linang'oka. Misuli ni ileile.

Katika masafa ya gigahatzi 5, wimbi moja lina urefu wa sentimita 6 hivi. Antena mbili zikituma ujumbe uleule, na njia ya wimbi moja ikawa ndefu kuliko ya mwenzake kwa sentimita 3 tu, kilele cha hili huangukia bonde la lile, yakafutana. Ndiyo maana wakati mwingine ukisogeza simu kidogo tu mezani mtandao hurudi. Si uchawi jamani! Basi bimufomingi ni kuchelewesha baadhi ya antena, kwa muda ulio chini hata ya nanosekunde moja, ili vilele vyote vifike kwenye simu yako pamoja. Kwenye karatasi, antena nne zinazogawana nguvu ya antena moja huifikishia simu nguvu mara 4. Nyumbani hupati zote, lakini hata mara 2 huiwezesha ruta kutuma biti nyingi zaidi kwa wakati uleule, badala ya kurudiarudia pakiti zilizopotea.

Wazo lenyewe ni la kale: Mjerumani Karl Ferdinand Braun alilenga mawimbi ya redio kwa antena tatu mwaka wa 1905. Ugumu wa waifai ulikuwa kujua acheleweshe antena ipi na kwa kiasi gani. Kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 kiliruhusu njia kadhaa, kila kampuni ikashika yake, vifaa visielewane. 802.11ac ya mwaka 2013 ilibakisha njia moja. Ruta hutuma ishara fupi ya kupimia, simu hupima jinsi kila antena ilivyosikika, kisha hurudisha ripoti. Mimi mwandishi wa programu hapo ndipo ninapopapenda: hakuna kubahatisha. Lakini ni lazima pande zote mbili zijue mchezo huo.

Sasa kwa nini nayaandika haya. Kwenye ploti ninayoishi, nyumba sita tunachangia laini moja ya intaneti, kila mmoja sawa. Mama mmoja wa orofa ya pili, fundi wa nguo, hulipa kama sisi, ilhali binti yake anayesomea chuo kwa video alikuwa akikatikiwa kila jioni. Kikao kikataka kununua busta. Nikawaomba wangoje, kwa sababu busta ya kawaida husikia kisha hurudia kila kitu kwenye chaneli ileile, hivyo karibu nusu ya muda huliwa. Tukanunua ruta ya ac.

Orofa ya kwanza walishangilia. Binti yule hakuona tofauti kubwa: kipakatalishi chake ni cha zamani, hakiwezi kurudisha ripoti. Tulipokichomekea kadi ndogo ya ac, video ikatulia sebuleni. Chumbani kwake, nyuma ya kuta mbili za zege lenye vyuma, bado. Wimbi likishamezwa na zege hakuna cha kupanga.

Kwa chumba hicho nimependekeza waya wa mita 20 na ruta ndogo ya pili. Kikao ni Jumapili, na majirani wawili wameshaanza kunung'unika kwamba kila mtu ajigharimie chumba chake. Mimi nitapigia waya kura.