Pikapu, mteremko wa King na matairi ya theluji

Barabara ya King mjini Sherbrooke, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ina sehemu inayoshuka kwa kasi kuelekea mto Saint-François. Kiangazi mtu haoni ajabu yoyote hapo. Watoto wanashuka na baiskeli, mabasi yanapanda yakikoroma, basi. Ikifika Novemba, wenyeji wanashuka wakiwa wameshika usukani kwa mikono miwili, na mazungumzo ndani ya gari yanapungua.

Ni kwenye mteremko huo ambapo baba mmoja wa watoto watatu alipata somo lake la kwanza la barafu. Familia yake asili yake ni Fizi, Kivu Kusini. Waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na watoto wote watatu walizaliwa huko. Sherbrooke ni moja ya miji ya Quebec inayopokea wakimbizi, kwa hiyo hawakufika ugenini kabisa: dukani na kwenye basi husikika Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda.

Kiangazi cha kwanza, baba huyo alinunua pikapu ya mtumba yenye viti vya nyuma. Aliihitaji kwa kazi ya kubeba majokofu na mashine za kufulia kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ilikuwa 4x4, na jambo hilo lilimpa kiburi kidogo. Ujanani alikuwa utingo wa malori kati ya Uvira na Baraka, barabara ambayo masika huigeuza kuwa uji. Alijua habari za tope: tairi pana, kashata nene, injini inayovuta magurudumu yote manne, na dereva asiyeachia mafuta katikati ya dimbwi.

Mwishoni mwa Oktoba mke wake alianza kumuuliza.

"Baba Watoto, majirani wote wanaulizana habari za matairi. Sisi tunangoja nini?"

"Mama, hii ni 4x4. Matairi yake bado mazima. Tulipe kwanza kochi na kodi ya Novemba."

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Seti ya matairi manne mapya ya theluji kwa pikapu hupita dola 1,000 za Kanada kwa urahisi, na ukiongeza rimu zake bei inazidi kupanda. Kwa familia iliyokuwa bado inanunua vijiko na mablanketi, hizo ni fedha za kumkosesha mtu usingizi. Sheria nayo ilikuwa haijamfikia. Tangu mwaka 2008 Quebec inalazimisha magari ya abiria kuvaa matairi ya theluji, na tangu mwaka 2019 kipindi hicho huanza Desemba 1 hadi Machi 15. Anayekamatwa bila matairi hayo hutozwa faini ya dola 200 hadi 300, na gharama juu yake. Baba alihesabu siku na kuona ana mwezi mzima.

Theluji haikuhesabu pamoja naye. Usiku mmoja wa Novemba ilinyesha theluji ya majimaji, alfajiri baridi ikaigandisha. Asubuhi alikuwa na watoto wote garini, yule mdogo wa miaka minne akiwa amefungwa kwenye kiti chake. Pikapu iliondoka nyumbani bila shida, ikapanda kilima cha kwanza bila kuteleza, na baba akaona amethibitisha hoja yake. Kisha akaanza kuushuka mteremko wa King. Taa zikawa nyekundu. Akakanyaga breki, pedali ikatetemeka chini ya mguu, na gari likaendelea kwenda kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta. Alilielekeza kwenye ukingo wa barabara. Tairi la mbele likagonga ukingo, na pikapu ikasimama pua yake ikiwa imeuvuka mstari. Basi likapita mbele yao.

Hakuna aliyeumia. Rimu moja ilipinda. Binti mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, alikaa kimya mpaka taa zikawa kijani, kisha akauliza: "Baba, kwa nini hukusimama?"

Swali hilo ndilo lililonunua matairi.

Jibu lake linafaa kujulikana hata na mzazi ambaye hajawahi kuona theluji. 4x4 inasaidia gari kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, maana magari yote, hata kale kadogo ka jirani, hufunga breki kwenye magurudumu manne. Gari likishaanza kwenda, kinacholizuia ni mpira unaogusa barabara, na kila tairi linagusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Pikapu nzito yenye 4x4 huondoka kwa urahisi kiasi kwamba dereva hahisi jinsi barabara inavyoteleza, hadi pale anapotaka kusimama. Mwenye gari dogo huonywa mapema, kwa kuwa magurudumu yake huzunguka bure akiwa bado mlangoni kwake.

Na mpira wenyewe hubadilika. Mtu wa Kigoma ataelewa haraka akikumbuka mawese: mchana ni majimaji, lakini asubuhi ya baridi yameshikana ndani ya chupa. Mpira wa tairi la kiangazi nao huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na Sherbrooke usiku wa Januari hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Tairi la theluji limetengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini kwenye baridi, na kashata zake zina vichanja vingi vyembamba kama vya wembe, vinavyofunguka na kuuma barafu. Ndiyo maana tairi la kiangazi linaweza kuwa jipya kabisa na bado likamsaliti mtu. Yale ya baba huyu hayakuwa vipara hata kidogo.

Jioni ile meza ya jikoni iligeuka ofisi. Kochi likasogezwa hadi mwaka mwingine. Mama, ambaye ndiye mweka hazina wa nyumba, alitaka kujua kwanza kama mtumba unafaa. Walikwenda kuona seti iliyouzwa dola 350 kwenye gereji ya mtu. Huko walijifunza kusoma tairi kama mtu anavyosoma chupa ya dawa.

Cha kwanza ni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Quebec haikubali tairi lisilo na alama hiyo, isipokuwa yale ya vyuma. Herufi M na S, ambazo matairi mengi ya pikapu huwa nazo ubavuni, zilimdanganya baba kwa muda. Hizo zinahusu tope na theluji kwa jumla na hazitoshi mbele ya sheria. Kisha kuna tarakimu nne za mwisho kwenye namba inayoanza na DOT: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

Halafu kuna kimo cha kashata. Kisheria tairi halitakiwi kushuka chini ya milimita 1.6, lakini kwa majira ya baridi wataalamu wa Quebec hushauri kuanza na zisizopungua 4.8. Kipimo cha nyumbani ni sarafu ya senti 25, yenye picha ya kichwa cha karibuu, mnyama wa pembe kubwa wa kaskazini. Unaitumbukiza kwenye mfereji wa tairi, pua ya mnyama ikitazama chini. Pua ikionekana, kashata zimepungua. Watoto walicheka sana kusikia mnyama anaitwa karibuu, na mdogo akawa anaikaribisha sarafu kwenye kila tairi. Kwenye matairi mawili kati ya manne, pua ilionekana.

Mbili nzuri na mbili mbovu ni kishawishi kikubwa kwa mwenye fedha kidogo. Lakini gari lenye matairi yanayoshika mbele na yanayoteleza nyuma ni hatari kuliko linaloteleza lote sawasawa, kwa sababu kwenye kona mkia unataka kutangulia. Manne, na ya aina moja. Waliacha ile seti.

Mwishowe walinunua mapya, ya chapa isiyo maarufu, wakalipa kwa awamu. Kwa pikapu ya kazi kulikuwa na jambo moja zaidi: uzito. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo, huandikwa namba ya mzigo. Namba 112, kwa mfano, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. Muuzaji aliuliza wanabeba nini, na hilo lilikuwa swali la haki, maana tairi laini la gari la familia halifai chini ya majokofu matatu. Baba alitaka pia matairi mapana kuliko ya mwanzo. Ule ulikuwa utingo wa Baraka unazungumza. Tairi pana huelea juu ya theluji. Lisilo pana sana huipasua na kufika chini. Alichukua kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mama ndiye aliyesisitiza rimu za chuma za ziada, naye alihesabu sawa: matairi yakiwa na rimu zake, kubadilisha mara mbili kwa mwaka kunakuwa kazi ya jeki na spana, bila kuvua mpira na kuuvika upya kila mara.

Kuishi nayo kuligeuka kazi ndogondogo zisizokwisha. Nati hukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 100, na baba alikuwa ameshasahau hilo mpaka mtoto wa kati alipomkumbusha. Upepo hupungua pauni 1 hivi kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka, kwa hiyo tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye joto linaweza kupungukiwa pauni sita au saba likilala nje usiku wa baridi kali. Hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea.

Pikapu nayo ina udhaifu wake wa kuzaliwa. Injini iko mbele, bodi ya nyuma ni tupu, na magurudumu ya nyuma hukanyaga barabara kwa wepesi. Siku asizokuwa na mzigo, baba huweka viroba vinne vya mchanga karibu na ekseli ya nyuma na kuvifunga kwa kamba, maana kiroba kisichofungwa kikipigwa breki hugeuka kombora. Gari likikwama, mchanga huohuo humwagwa chini ya tairi. Theluji iliyojaa kwenye bodi hufagiliwa kabla ya safari. Ile ya juu ya paa ni kazi ya binti, ambaye amepewa ufagio wenye mpini mrefu na haupendi hata kidogo.

Kubwa zaidi ni nafasi. Matairi mapya hayakuufuta mteremko wa King. Baba sasa huanza kupunguza mwendo juu kabisa, kwa gea, na huacha mbele yake nafasi ya magari kadhaa. Wapo wanaompigia honi. Mama humwambia awaache wapite.

Kosa la upande wa pili ni kuyaacha mwaka mzima. Mpira laini kwenye lami ya moto huisha haraka, na gari huchelewa kusimama. Hapa mzazi wa Dar es Salaam au Mombasa naye anaguswa. Japani, hasa kaskazini kwenye kisiwa cha Hokkaido, watu hutumia matairi ya theluji kila mwaka, na gari la mtumba kutoka huko linaweza kushuka bandarini likiwa bado limeyavaa. Machoni ni matairi mazuri, yenye kashata za kupendeza. Anayenunua gari la aina hiyo atazame ubavuni: akiona ule mlima wenye chembe ya theluji, au neno STUDLESS, atenge fedha za kuyabadilisha kabla ya kuwapakia watoto kwenda nao safari ya mbali. Matairi hayo hayakukusudiwa lami ya Chalinze saa nane mchana.

Kule Sherbrooke, sheria huisha Machi 15, lakini wenyeji hawaharakishi, kwa kuwa Aprili nayo huweza kumwaga theluji. Familia ilingoja hadi mwisho wa mwezi huo. Kabla ya kuvua, binti aliandika kwa chaki kwenye kila tairi mahali lilipokuwa: MBELE KUSHOTO, MBELE KULIA, NYUMA KUSHOTO, NYUMA KULIA. Yakapangwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, moja juu ya jingine, mbali na jua.

Msimu uliofuata, baba alikuwa na mzigo wa kuwahi, akayapeleka gereji yafungwe na fundi. Fundi aliyageuzageuza, akatazama ile chaki, akauliza kwa Kifaransa hiyo ni chapa gani. Binti akashuka garini, akamwelekeza lipi linakwenda wapi.