Katika Msikiti wa Cordoba

Mji wa Cordoba uko kusini mwa Hispania, katika nchi ambayo Waislamu wa kale waliiita Andalus. Kando yake unapita mto uitwao Guadalquivir, na jina hilo si jingine ila ni Al-Wadi-l-Kabir, yaani Bonde Kubwa. Basi kabla hatujaingia mjini tulikwisha kusikia Kiarabu katika vinywa visivyokusudia kukisema.

Msikiti mkuu aliuanza Abdur-Rahman wa Kwanza mwaka 785, yule kijana wa Banu Umayya aliyenusurika jamaa zake walipouawa huko Sham. Waliomfuata wakauongeza, na nyongeza ya mwisho ilianzwa na Al-Mansur mwaka 987. Ndani mna nguzo zaidi ya 850, nyingi zimetolewa katika majengo ya kale ya Warumi. Kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi walizipandishia matao mawili, moja juu ya jingine, ya matofali mekundu na mawe meupe, na dari ikainuka. Mihrabu ya Al-Hakam wa Pili imezungukwa na aya za Qurani kwa vipande vidogo vya dhahabu na kioo, navyo vililetwa kutoka kwa Kaisari wa Constantinople, naye ni Mkristo.

Mwaka 1236 Mfalme Fernando wa Tatu aliuteka mji, na msikiti ukafanywa kanisa. Mwaka 1523 katikati yake pakabomolewa, likajengwa kanisa refu. Baraza la mji lilipinga vikali kazi hiyo, nalo lilikuwa la Wakristo watupu; haki ni kulitaja.

Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Tulijua hayo kabla ya kuondoka kwetu, lakini kujua ni mbali na kusimama mbele ya mihrabu ile, nyuma ya vyuma, Adhuhuri imeingia na mikono i chini. Tuliyasoma maandishi ya ukutani kimoyomoyo, herufi kwa herufi, kama tunavyowasomesha watoto. Kisha tukarudi tulikopanga, tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kwa ruhusa ya msafiri.

Jioni tulikwenda dukani. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili aliwakataza watu wa Granada kusema Kiarabu, na tangu 1609 wazao wa Waislamu wakafukuzwa nchini kwa maelfu. Hata hivyo muuzaji aliita sukari *azúcar*, na zeituni *aceituna*. Mkuu wa mji wao ni *alcalde*, yaani kadhi. Mtu asiyetajwa jina ni *fulano*. Na *hasta* yao ndiyo hata yetu. Tulicheka kama waliokutana na ndugu ugenini.

Tulipoaga, mzee yule alituuliza, kwa ulimi wa kijana aliyetufasiria, kama tutarudi tena Cordoba. Tukasema: Inshallah. Kijana hakuhangaika kulifasiri, na mzee akaitikia kwa neno lao walilolirithi kutoka *law shaa Allah*:

“Ojalá.”