Umejuaje?

Kwetu Mikumi, habari ya Rudewa Mbuyuni haikuhitaji rejea. Tarehe 8 Desemba 2000 wanakijiji 38 waliuawa pale, wilayani mwetu Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji wa Kimaasai. Mimi nimekua nikiisikia jikoni kwa shangazi.

Basi nilipoanza tasnifu, sura ya kwanza niliimaliza kwa siku mbili: ardhi imebana, mifugo imezidi, Wamaasai ni watu wa vita. Msimamizi wangu akaandika pembeni neno moja: "Umejuaje?"

Nilikasirika, jamani. Mimi mtoto wa Kilosa naulizwa nimejuaje!

Nikakusanya habari nane za mtandaoni, nikajiona tajiri. Nilipozipanga kwa tarehe nikakuta sentensi ileile inahama kutoka moja hadi nyingine, na jina la kijiji limekosewa vilevile. Kumbe chanzo kilikuwa kimoja, kimetembea tu.

Baadaye nikapata makala ya Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, iliyotoka mwaka 2009 katika jarida la Development and Change. Wao hawaridhiki na maelezo ya uhaba wa ardhi peke yake. Wanazitaja sera zilizowasukuma wafugaji pembeni, na rushwa iliyowafanya watu wasiwe na imani na wenye mamlaka. Kilichonivuta si vyeo vyao. Walieleza habari zao walizipataje, kwa hiyo hata kuwabishia ningeweza.

Nikamsimulia shangazi. Akaweka mwiko chini.

"Sasa mwanangu, unawatetea?"

"Hapana, shangazi. Ila siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Akanyamaza. "Nilikuwa hapahapa Mikumi. Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na waliotoka kuzika."

Sikuweza kumuuliza zaidi. Shangazi sijamfuta kwenye tasnifu. Nimemwandika kama alivyo, mtu aliyepokea habari kutoka kwa waliozika. Kuhusu uchungu wa watu, namwamini kuliko jarida lolote. Kuhusu kilichosababisha, yeye na zile habari nane wako fungu moja.

Juzi nimeipitia rasimu yote tena. Kurasa sitini, na hakuna mfugaji hata mmoja niliyemuuliza mwenyewe. Jumatatu nakwenda Twatwatwa. Shangazi bado sijamwambia.